Jino la Lumumba: nani alilitambua?

Jeneza lililofikishwa Lubumbashi mwishoni mwa Juni 2022 lilikuwa la kimo cha mtu mzima. Ndani yake mlikuwa na jino moja tu, lililovikwa dhahabu. Lilikabidhiwa familia mjini Brussels tarehe 20, likapelekwa Onalua katika Sankuru, kijiji alikozaliwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, likapita Kisangani, likaja kwetu na kufikishwa Shilatembo, porini, pale alipopigwa risasi, kisha likarejeshwa Kinshasa na kuzikwa tarehe 30. Kilio kilichoahirishwa miaka 61 kikaliliwa. Na kwenye kilio, kama ilivyo desturi yetu, watu wakishatoa pole huanza kuulizana kwa sauti ya chini: marehemu alikufaje, nani alikuwapo, nani aliona. Safari hii swali lilikuwa moja: "Lakini, baba, hilo jino walilipima?"

Halikupimwa. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa shirikisho wa Ubelgiji ilisema hivyo bila kuficha mwaka 2020, mahakama ilipoamua jino lirudishwe: kipimo cha DNA kingeliharibu, kwa hiyo hakuna uhakika kamili kwamba ni la Lumumba, na kulirudisha ni tendo la heshima zaidi kuliko uthibitisho. Maneno hayo yalisemwa mara moja yakapita. Kwenye hotuba, kwenye mabango na kwenye redio zetu likawa "jino la Lumumba", basi.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kimekaa kwenye njia panda ya mambo mawili yanayozungumzwa sana siku hizi: polisi wa Marekani wanaokamata wauaji kwa kupitia DNA ya binamu zao, na mifupa isiyo na jina inayopewa jina kwa kufuata nasaba. Wengi huuliza kwa nini ujuzi huo haukuletwa kwenye jino hili. Nadhani tunauliza vibaya, na hata Brussels waliuliza vibaya. Swali la "ni la Lumumba au si lake?" lina upungufu mkubwa, na upungufu huo unaonekana ukirudi kwenye tukio lenyewe.

Usiku ule na siku zilizofuata

Tarehe 17 Januari 1961 ndege ya DC-4 ilitua Luano, uwanja wa ndege wa mji wetu, ambao wakati ule uliitwa Élisabethville. Ndani walikuwamo watu watatu waliofungwa na kupigwa njia nzima: Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa, Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Walipelekwa nyumba iliyojulikana kama Villa Brouwez, na usiku huohuo wakapelekwa porini wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, mbele ya mawaziri wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, na maofisa wa Kibelgiji. Wakafukiwa palepale.

Kaburi likaleta hofu. Miili ikafukuliwa na kuhamishiwa upande wa Kasenga, halafu ikafukuliwa tena. Aliyepewa kazi ya kuifuta kabisa alikuwa komisere wa polisi, Mbelgiji, Gerard Soete, akisaidiwa na ndugu yake. Walikuwa na misumeno na pipa la asidi ya salfuriki iliyotoka kwa kampuni ya madini, Union Minière. Asidi hiyo si kitu kigeni huku. Malori yake tunapishana nayo barabara ya Likasi hadi leo, maana shaba haitoki kwenye udongo bila hiyo. Asidi haikutosha. Kilichobaki kilichomwa, mafuvu yakasagwa, na mifupa na meno yaliyogoma yakatawanywa njiani wakati wa kurudi. Tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, alitangaza kwamba watatu hao walitoroka wakauawa na wanakijiji.

Soete alikaa kimya karibu miaka 40. Mwaka 1999, kitabu cha Mbelgiji Ludo De Witte kilipofufua jambo hilo, alikiri hadharani, akasema alichukua meno kama kumbukumbu, kisha akadai kwamba ameyatupa baharini. Alifariki mwaka 2000. Mwaka 2016 binti yake alimwonyesha mwandishi wa habari jino lenye dhahabu. De Witte akafungua mashtaka, polisi wakaenda wakalichukua.

Huo ndio msingi wote wa utambuzi: maneno ya mtu mmoja, dhahabu, na sanduku la familia moja kwa miaka 55. Tena mtu huyo mmoja ndiye aliyesema meno yako baharini, na jino likakutwa ndani ya nyumba. Wakili yeyote hapa Lubumbashi angemwambia hakimu kwamba shahidi huyu amekwisha kudanganya juu ya kielelezo chenyewe. Hilo halimaanishi kwamba jino si la kweli. Linamaanisha kwamba neno la Soete halitoshi kulibeba peke yake.

Walikuwa watatu

Soete hakuyeyusha mwili mmoja. Aliyeyusha mitatu, mahali pamoja, siku zilezile, pengine kwenye pipa lilelile. Kwa hiyo mpinzani wa dai la "hili ni jino la Lumumba" si dai la "hili ni jino la mtu fulani asiyejulikana". Mpinzani wake halisi ni "hili ni jino la Mpolo" au "hili ni jino la Okito". Mtaalamu wa DNA anapotoa ripoti huwa anapima dai moja dhidi ya lingine: matokeo haya yangetarajiwa zaidi kama nini ni kweli? Ukiweka dai la pili vibaya, hesabu zote zinapinda, hata kama maabara ilifanya kazi safi.

Tukiweka majina hayo matatu mezani, tunaona pia kwamba ile njia maarufu ya Marekani haihusiki hapa. Njia hiyo ilijulikana duniani Aprili 2018, alipokamatwa Joseph James DeAngelo huko California, mtu aliyeua na kubaka miaka ya 1970 na 1980 (naye, kwa taarifa yako, alikuwa polisi). Wachunguzi walikuwa na DNA yake lakini hawakuwa na jina. Badala ya kupima vituo 20 vya kawaida, yaani sehemu za DNA zinazotumiwa na polisi wao, walisoma nukta laki kadhaa za DNA hiyo, wakaingiza matokeo kwenye GEDmatch, kanzidata ambayo watu wa kawaida huweka DNA zao kutafuta ndugu. Wakapata jamaa wa mbali, wa kiwango cha watu wanaochangia babu wa babu. Watu wa namna hiyo wanashiriki chini ya asilimia 1 ya DNA, lakini kipande kidogo kama hicho kikiwa kirefu na kimenyooka kinatosha kusema: hawa wana mzazi mmoja huko nyuma. Kutoka hapo kazi iliyobaki ni ya makaratasi, si ya maabara: vyeti vya kuzaliwa, ndoa, matangazo ya vifo, mpaka mti wa ukoo ushuke kwa mtu mwenye umri na makazi yanayofaa. Njia hiyohiyo, mwaka huohuo, ilimpa jina msichana aliyeokotwa amekufa Ohio mwaka 1981.

Sasa ilete Katanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kwa kanzidata ya watu milioni 1.28, Mmarekani mwenye asili ya Ulaya ana uwezekano wa asilimia 60 hivi wa kukutwa na jamaa wa kiwango cha babu wa babu au wa karibu zaidi. Namba hiyo ni ya Wamarekani wenye asili ya Ulaya, kwa sababu ndio waliojaza kanzidata hizo. Mtetela au Mbemba anayenunua kipimo cha kutafuta ndugu kwenye intaneti ni nadra kama theluji ya Kipushi. Na hata ukimpata jamaa, vyeti vya kushukia kwenye mti ni vichache. Ukoo wetu umeandikwa vichwani mwa wazee.

Lakini kwa jino hili hakuna haja ya kanzidata yoyote. Majina tunayo. Kinachohitajika ni kipimo cha undugu cha kawaida, kama kile cha baba na mtoto: kwenye kila kituo kinachopimwa, mtoto lazima abebe nusu inayolingana na ya baba yake. Wako watoto wa Lumumba walio hai, na baadhi yao walikuwapo Brussels siku jino lilipokabidhiwa. Watoto wakiwa kadhaa, sura ya DNA ya baba yao inaweza karibu kujengwa upya hata kabla ya kugusa jino.

Ipo na njia ya kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kuchanganywa. Inavutia kwa sababu inastahimili vizazi vingi. Hapa nisingeitegemea peke yake. Mpolo alitoka upande wa ziwa Mai-Ndombe, mbali. Okito alikuwa Mtetela kama Lumumba, na watu wawili wa kabila moja linalofuata ukoo wa baba wanaweza kuchangia Y moja bila wao wenyewe kujua kwamba wana babu mmoja. Y ingeweza kumtoa Mpolo kwenye orodha na kuwaacha wale wawili wamesimama pamoja. Ndiyo maana ni DNA ya watoto, si ya ukoo wa mbali, ambayo ingekata shauri.

Nifungue mabano hapa, maana jambo hili wataalamu wa Ulaya huliona kama kikwazo na mimi naliona kama mali. Wabemba na Walamba wa Haut-Katanga wanahesabu ukoo kwa mama. Mitokondria, vile vinu vidogo ndani ya seli, navyo vina DNA yao inayotoka kwa mama peke yake, na kwenye mfupa uliochakaa ndiyo inayodumu kuliko nyingine kwa sababu kila seli ina nakala zake mamia. Maana yake ni kwamba bibi wa kijijini anayeweza kukutajia mama wa mama wa mama yake, na dada za huyo mama, na walikoolewa, amekwisha kukutengenezea orodha ya watu wa kupimwa. Waluba wa Katanga, wanaofuata baba, watakupa orodha ya Y. Anayetafuta jina la mfupa uliookotwa kwenye shimo la mgodi ulioporomoka hana sababu ya kusubiri kanzidata ya Marekani ijae Wakongo. Aanze na bibi.

Asidi, dhahabu na mikono ya watu

Je, kwenye jino hili kungepatikana kitu? Ganda la juu la jino halina seli. DNA inakaa ndani, kwenye dentini, kwenye simenti inayofunika mzizi, na kwenye nyama ya katikati. Ganda ni gumu kuliko mfupa wowote, na kofia ya dhahabu inaongeza kinga juu yake. Asidi kali huyeyusha madini yanayoishika DNA na kuikatakata DNA yenyewe vipande vifupi, na inaingilia zaidi mzizini, mahali pasipo ganda. Kwa hiyo jino lililong'olewa kabla ya pipa na jino lililookotwa baada ya pipa ni vitu viwili tofauti kabisa kwa maabara.

Asidi si mwisho wa habari, lakini. Familia ya mfalme wa Urusi iliuawa Yekaterinburg Julai 1918 na miili yao ikamwagiwa asidi ya salfuriki, ileile. Mifupa ilifukuliwa mwaka 1991, na mwaka 1994 timu ya Peter Gill ililinganisha mitokondria ya mke wa mfalme na ya watoto wake na ya Prince Philip wa Uingereza, jamaa yao kwa upande wa mama. Zikalingana. Watoto wawili waliokosekana walipatikana mwaka 2007 kama vipande vilivyoungua, na hivyo navyo vikapewa majina. Huko kulikuwa na mifupa mingi ya kujaribia, na huku kuna jino moja. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaki kuificha.

Maana mwaka 2016, jino likichukuliwa, njia ya kawaida ya kulipima ilikuwa kulitoboa au kulisaga sehemu yake kuwa unga. Jino moja la nyuma lina uzito wa gramu chache tu. Ukikosea mara ya kwanza umebaki na dhahabu. Kwa familia ambayo haikuwa na kitu kingine chochote cha kuzika, kukubali hatari hiyo lingekuwa jambo gumu, na waliotulaumu kwamba Waafrika tunaogopa sayansi hawakufikiri. Uamuzi wa kutopima ulikuwa na sababu. Ninachokipinga ni jinsi sababu hiyo ilivyopitishwa haraka, na nitaeleza kwa mfano ambao Wabelgiji wanaujua kuliko sisi.

Mfalme Albert wa Kwanza alianguka kutoka kwenye mwamba huko Marche-les-Dames tarehe 17 Februari 1934 akafa. Watu waliokota majani yenye damu wakayahifadhi. Miaka 80 baadaye, kwa kuwa uvumi wa mauaji haukuisha, mwandishi wa habari mmoja aliyekuwa ameyanunua majani hayo aliyatoa yapimwe. Timu ya Maarten Larmuseau wa Chuo Kikuu cha Leuven ilifuata nasaba ya mfalme kwa pande mbili, ikamwomba DNA Simeon, aliyekuwa mfalme wa Bulgaria, kwa upande wa baba, na jamaa mwingine kwa upande wa mama. Ikathibitika kwamba damu ni ya Albert. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Nchi ileile, mwaka uleule ambao polisi walibeba jino la waziri mkuu wetu kutoka nyumba ya mtu. Na kama hukumbuki Albert ni nani: ni mume wa Elisabeth, malkia ambaye jina lake mji huu ulilibeba usiku ule Lumumba alipoletwa Luano.

Majani ni mengi na jino ni moja, najua. Ulinganifu si kamili. Lakini kwa Albert kulikuwa na mtu aliyeuliza, akatafuta jamaa, akapanga sampuli, akasubiri. Kwa jino, hata hatua isiyogusa jino, yaani kuchukua mate ya watoto wa Lumumba, wa Mpolo na wa Okito na kuyaweka tayari, haikuwa sehemu ya habari iliyotangazwa. Na Mpolo na Okito hawakurudishiwa chochote. Ikiwa jino ni la mmoja wao, basi familia yake ilisimama pembeni ikitazama marehemu wake akizikwa kwa jina la mwingine, na kwa heshima zote za taifa.

Hoja ya kuharibu nayo imezeeka haraka. Mwaka 2023, mwaka mmoja baada ya maziko, watafiti wa Leipzig walichapisha kazi yao juu ya kidani cha jino la mnyama wa jamii ya paa kutoka pango la Denisova, Siberia, chenye umri wa miaka kati ya 19,000 na 25,000. Hawakukitoboa. Walikiloweka kwenye maji ya fosfeti, wakipandisha joto hatua kwa hatua hadi digrii 90, na DNA ikatoka yenyewe: ya mnyama, na ya mwanamke aliyekivaa au kukitengeneza. Kidani kikabaki kizima.

Njia hiyo kwenye jino letu ingetoa kwanza jasho la watu waliolishika miaka 55. Kwa kawaida huo huitwa uchafu, na maabara husafisha. Hapa mimi ningeutunza. DNA ya ukoo wa Soete juu ya jino ingesema kitu kuhusu njia lililopitia, na ile inayotoka baadaye, kwenye joto la juu, ingesema kitu kuhusu mwenyewe.

Kilichobaki kufanyika

Kesi ya mauaji yenyewe huko Ubelgiji haikuishia kwenye maziko: Juni 2025 ofisi ileile ya mwendesha mashtaka iliomba mwanadiplomasia wa zamani, aliyekuwa kijana mwaka 1961, apelekwe mahakamani. Kesi hiyo haitegemei jino. Nani alitoa amri na nani alisaini usafirishaji ni mambo ya telegramu na mafaili, si ya maabara.

Jino lina hatari yake nyingine, ya hapa nyumbani. Novemba 2024 watu walivunja na kuharibu jengo la kaburi la Lumumba mjini Kinshasa. Serikali ikatangaza kwamba jino liko salama. Nalipokea tangazo hilo kama lilivyo. Lakini tuseme siku moja linaibwa kweli, na baada ya miezi mtu anajitokeza na jino lenye dhahabu akidai ndilo. Picha hazitoshi, fundi wa meno mwenye mkono mwepesi anaweza kutengeneza linalofanana. Bila maelezo ya DNA yaliyowekwa mahali salama, tutarudi palepale pa kuamini neno la aliyelishika.

Ndiyo maana sampuli za walio hai ni za haraka kuliko jino lenyewe. Watoto wa Lumumba ni wazee sasa, na wa Okito, aliyezaliwa mwaka 1910, huenda ni wazee zaidi. Kijiti cha pamba kikisuguliwa ndani ya shavu, kikakaushwa na kufungwa kwenye bahasha ya karatasi, hukaa miaka mingi. Wachukuliwe watoto wa familia zote tatu, kwa hiari yao, na kwa makubaliano yanayosema wazi nini kitapimwa na nini hakitapimwa, kwa sababu kipimo cha undugu kinaweza kufichua siri za nyumba ambazo hazimhusu hakimu wala taifa. Nakala moja ikae Kinshasa, nyingine ikae kwa familia zenyewe. Kama jino halitaguswa kamwe, sampuli hizo bado zitakuwa na kazi siku mvua itakapofunua kipande cha mfupa au jino lingine kando ya barabara ya Kasenga, ambako mabaki yale yalitawanywa.